Muuza Maneno: Uhakiki wa Mafunzo ya Mwalimu wa Usemaji

Swali la nani anastahili kumfundisha mwenzake kusema mbele ya watu huchukuliwa na makada wengi kuwa swali dogo, la ufundi tu. Mtu akiwa na sauti, akiwa na methali kumi za akiba, na akiwa haogopi kipaza sauti, huhesabiwa kuwa amekwisha kuwa mkufunzi. Na siku hizi jambo limezidi kurahisishwa. Mijini ziko kozi za siku chache ambazo mtu hulipa, husifiwa, hupigwa picha, hupewa cheti, na baada ya muda mfupi naye hufungua kozi yake. Hatuna ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Ugomvi wetu ni na wazo lililomo ndani ya cheti hicho: kwamba usemaji ni bidhaa kama sabuni, na kwamba anayestahili kuifundisha ni yule aliyethibitishwa na muuzaji mwenzake.

Wazo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 1,600, na shahidi wake mkubwa ni Mwafrika. Ndiyo maana tumeona inafaa kuhakiki maandishi ya Augustino wa Thagaste katika kurasa hizi. Wasomaji wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya chuo kikuu kilichoko Mwanza, na wengine kwa sababu ya kanisa. Hapa hatujadili dini yake. Tunamjadili kama mtu aliyesomea kazi ya ualimu wa usemaji, akafuzu, akaifanya kwa miaka kama kumi katika miji mitatu mikubwa ya dola la Kirumi, akaiacha, kisha akaeleza wazi mambo yaliyomo ndani ya kazi hiyo. Kitabu chake, Maungamo, alichokiandika mnamo miaka ya 397 hadi 400, kimesomwa kwa karne nyingi kama kitabu cha sala. Ni hivyo, lakini mkufunzi akikisoma kwa jicho la kazi yake atakuta humo jambo jingine: taarifa kamili ya jinsi dola la kinyonyaji linavyomtengeneza msemaji wake na mwalimu wa wasemaji wake.

Tuanze na tabaka alilotoka. Augustino alizaliwa mwaka 354. Thagaste, ambao leo ni mji wa Souk Ahras nchini Algeria, ulikuwa mji mdogo wa bara, mbali na pwani. Baba yake, Patricius, alikuwa mjumbe wa baraza la mji na mwenye shamba lisilokuwa kubwa. Kwa lugha yetu tungemwita bwanyenye uchwara. Watu wa namna hiyo walikuwa na njia moja tu ya kupanda, nayo ni ulimi wa mtoto wao. Mtoto aliyejua kuhutubia kwa Kilatini fasaha aliweza kuwa wakili, kisha karani wa serikali, kisha labda gavana. Fedha za Patricius hazikutosha. Katika mwaka wake wa 16 kijana alirudishwa nyumbani kutoka shule ya Madauros, akakaa bure huku baba akikusanya ada ya kumpeleka Carthage. Baadaye tajiri mmoja wa Thagaste, Romanianus, alisaidia kumlipia. Kwa hiyo tangu mwanzo sauti ya Augustino ilikuwa na mfadhili, na mfadhili hatoi bure.

Mafunzo yenyewe yalikuwaje? Fimbo, kwanza. Augustino haisahau fimbo hata akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na anakumbuka kwamba wazazi wake walicheka alipolalamika. Baada ya fimbo, kuiga. Anaeleza shindano moja la shuleni ambamo wavulana walitakiwa kutunga hotuba ya Juno, mungu-mke wa hadithi za Kirumi, akiwa na hasira kwa kushindwa kuwazuia watu wa Troya wasifike Italia. Aliyeigiza hasira hiyo vizuri kuliko wote ndiye aliyeshangiliwa. Alishangiliwa yeye. Tunawaomba wasomaji watulie kidogo juu ya jambo hili, maana hapa ndipo mbegu ilipo. Kijana wa Kiafrika anafundishwa kulia machozi ya mtu ambaye hakupata kuwako, kwa ajili ya vita ambavyo si vyake, na anapimwa kwa makofi. Hakuna mwalimu aliyemwuliza kama kuna mtu Thagaste mwenye hasira ya kweli, kwa mfano mkulima aliyekamuliwa kodi.

Yeye mwenyewe alilitambua jambo hilo alipokuwa mtu mzima. Anasema kwamba katika shule hizo mtu aliyetamka vibaya neno lenye maana ya binadamu, kwa kuiacha herufi yake ya kwanza, alionekana mkosaji kuliko mtu aliyemchukia binadamu mwenyewe. Twajua mikutano ambamo kosa la ngeli huchekwa ukumbi mzima na kosa la hesabu ya fedha za ushirika hupita kimya.

Kufuzu kwake kulikuja kwa njia ya soko. Alianza kufundisha nyumbani Thagaste, akahamia Carthage, na huko akafundisha usemaji kuanzia mwaka 376 hivi hadi 383. Wanafunzi wa Carthage walikuwa na kundi lao la fujo lililojivunia jina la Wabomoaji; waliingia darasa la mwalimu yeyote bila ruhusa na kuvuruga kila kitu. Akakimbilia Roma. Huko wanafunzi walikuwa watulivu, ila siku ya kulipa ada ilipokaribia walikula njama wakahamia kwa mwalimu mwingine. (Wakufunzi wa kozi za kulipia watalitambua tatizo hili.) Ndipo mwaka 384 mji wa Milano, ulipokuwa makao ya mfalme, ulipomwomba mkuu wa mji wa Roma, Symmachus, awapatie mwalimu wa usemaji ambaye atasafirishwa kwa gharama za serikali. Augustino alipita kwa marafiki wa dhehebu lake la wakati ule, la Wamani, wakampendekeza. Symmachus akampa mada ya kuhutubia, akamsikiliza, akaridhika, akampeleka.

Huo ndio uliokuwa mtihani wa juu kabisa wa ualimu wa usemaji katika dola hilo, nao una sehemu mbili tu: kujuana, na hotuba moja mbele ya mkubwa mmoja. Hakuna mwanafunzi wake aliyeitwa aeleze kama alijifunza kitu. Hakuna aliyesafiri kwenda Carthage kuuliza wale aliowafundisha kwa miaka saba wamekuwa watu gani. Tunalisema hili kwa sababu utaratibu huo haujafa. Mahali pengi mkufunzi bado hupatikana kwa barua ya mtu na somo moja la majaribio mbele ya jopo.

Na kazi aliyoajiriwa kuifanya Milano haikuwa kufundisha peke yake. Mwalimu wa usemaji wa mji wa mfalme alitakiwa pia kumsifu mfalme. Mfalme huyo, Valentinian wa Pili, alikuwa mtoto wa miaka kama 13. Augustino anasimulia jinsi alivyokuwa akihangaika kutayarisha hotuba ya sifa yenye uongo mwingi, ambayo ingeshangiliwa na watu waliojua kuwa ni uongo. Katika mahangaiko hayo akamwona mtaani ombaomba mmoja amelewa, anacheka na kutania. Akawaambia rafiki zake kwamba mtu yule kwa senti chache za kuomba amekwisha kuipata ile furaha ambayo wao wanaitafuta kwa njia ndefu ya jasho na hila.

Kisa hiki kimesifiwa sana, na kinastahili. Lakini hapa ndipo uhakiki wetu unapoanza kutofautiana naye. Augustino anatoa ushahidi wa mfumo mzima kisha anaufunga kesi kwa kumhukumu mtu mmoja, yaani nafsi yake. Anasema tatizo ni kiburi chake na tamaa yake ya makofi. Sawa, tamaa ilikuwapo. Mwenyewe anakiri kwamba alikuwa akiota ugavana wa jimbo dogo na mke mwenye mali. Lakini nani aliyeianzisha nafasi ile ya kazi? Nani aliyelipa mshahara? Nani aliyehitaji mtoto wa miaka 13 asifiwe kwa Kilatini safi mbele ya majemadari? Hata kama Augustino angekuwa mnyenyekevu kama njiwa, Milano ingeleta mwingine. Na ndivyo alivyowaambia mwaka 386 alipojiuzulu: wawatafutie wanafunzi wao muuza maneno mwingine. Kwa neno hilo moja, muuza maneno, aliikaribia kweli yenyewe kuliko katika kurasa zote za kujilaumu. Kisha akaondoka, na duka likabaki wazi. Tena alisubiri siku kama ishirini mpaka likizo ya mavuno ya zabibu ifike ili asizue gumzo, na sababu aliyoitoa hadharani ilikuwa pamoja na maradhi ya kifua. Hatumlaumu kwa kifua. Walimu wengi wa kuhutubia huishia hapo.

Sehemu tunayoiona kuwa na faida kubwa kwa wakufunzi wetu inaanza baada ya hapo, aliporudi Afrika na hatimaye kuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba. Huko alikutana na wasikilizaji wa aina nyingine: wavuvi, wakulima, watumwa, wachuuzi, wengi wao wakiwa na Kilatini cha mtaani, na huko mashambani wakisema Kipuniki. Italia walikuwa wakimkosoa matamshi yake ya Kiafrika, licha ya cheo chake. Sasa yule yule aliyeogopa kutamka vibaya anaandika kwamba ni afadhali wanasarufi wamlaumu kuliko watu wasielewe. Anatoa mfano wa neno la Kilatini lenye maana ya mfupa. Kwa ufasaha wa shule neno hilo hutofautiana na neno la kinywa kwa urefu wa irabu tu, na masikio ya Waafrika hayakuwa yakisikia tofauti hiyo. Basi, anasema, mwalimu atumie umbo la mitaani ambalo shule inaliita kosa, kwa kuwa kila mtu ataelewa kwamba ni mfupa. Mtu asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Aliyekuwa na cheti kikubwa kuliko wote anaiweka sarufi chini ya msikilizaji.

Mnamo mwaka 400 shemasi mmoja wa Carthage, Deogratias, alimwandikia kwamba kazi ya kuwafundisha wageni inamchosha. Anasema kwa muda mrefu mpaka yeye mwenyewe anayachoka maneno yake. Augustino akamjibu kwa kijitabu kizima, De Catechizandis Rudibus, nacho kwa maoni yetu ni mojawapo ya vitabu bora vya kumfunza mkufunzi vilivyopata kuandikwa katika bara hili. Hakianzi na kanuni za mikono na sauti. Kinaanza na uchovu wa mwalimu. Anamwambia kwamba hata yeye karibu kila mara huchukizwa na hotuba yake, kwa sababu wazo hupita kama umeme na ulimi hukokota. Lakini msikilizaji haoni pengo hilo kama mwalimu anavyoliona. Anamshauri aingie katika mshangao wa mgeni, kama mwenyeji anayemtembeza rafiki katika mji mzuri: vitu ambavyo mwenyeji huvipita kila siku bila kuviangalia huwa vipya tena machoni pake kwa sababu ya macho ya rafiki.

Kisha anashuka kwenye mambo ya kiti na mgongo. Msikilizaji akianza kupiga miayo, mwalimu abadili, aseme jambo la kuchangamsha, au la kushangaza, na amkaribishe aketi. Bora zaidi aketishwe tangu mwanzo. Anaeleza kwamba alijifunza hili kwa mtu wa shamba aliyeshindwa kuendelea kusimama wakati akifundishwa. Katika Afrika ya wakati ule desturi ilikuwa mwalimu aketi na watu wasimame, na Augustino anakiri kwamba makanisa ya ng'ambo yaliyowaketisha watu yalikuwa na busara zaidi. Tunao wakufunzi wenye shahada ambao hawajapata kuwaza kwamba mama aliyetoka kulima tangu alfajiri hawezi kusimama juani saa mbili akisikiliza uchambuzi.

Tena anawagawa wasikilizaji bila kuwadharau. Aliyesoma sana aulizwe amesoma nini, asirudiwe anayoyajua. Aliyetoka katika shule za usemaji ndiye anayehitaji uangalizi maalumu: afundishwe kwanza asimcheke kiongozi wa watu anayekosea lugha. Hapa mwalimu wa zamani wa Milano anawarudi wanafunzi wa aina yake mwenyewe.

Kipimo chake cha kufaulu nacho kimebadilika. Katika kitabu cha nne cha De Doctrina Christiana, alichokikamilisha mwaka 426 au karibu yake, anasimulia alivyokwenda Caesarea ya Mauretania, mji ambao leo ni Cherchell. Watu wa mji huo walikuwa na desturi kwamba kila mwaka, katika msimu fulani, waligawanyika makundi mawili, ndugu kwa ndugu, baba na mwana, wakapigana mawe kwa siku kadhaa, na kila mmoja akamwua aliyeweza kumwua. Augustino alihutubia dhidi ya desturi hiyo kwa nguvu zake zote. Walimpigia makofi, naye hakuona kwamba amefanya kitu. Makofi yalionyesha kuwa wanaelewa na kufurahia tu. Alipoona machozi ndipo alipojua kwamba desturi imeshindwa. Lakini hata machozi hayakuwa neno la mwisho kwake. Anaandika kwamba miaka minane au zaidi imepita na jambo hilo halijarudiwa. Yaani taarifa ya hotuba yake ameitoa baada ya miaka minane! Tulinganishe na taarifa zetu za semina, zinazoandikwa jioni ile ile: washiriki walifurahi.

Pamoja na hayo yote, kuna mambo mawili ambayo hatuwezi kuyapitisha.

La kwanza ni ndani ya kitabu hicho hicho. Augustino anakataa kufundisha humo kanuni za usemaji. Anasema mwenye akili nyepesi atajifunza haraka zaidi kwa kuwasoma na kuwasikiliza wasemaji hodari kuliko kwa kukariri kanuni, na anayetaka kanuni akazitafute kwingine, angali kijana. Sehemu ya mwanzo ni kweli tupu, na vyuo vyetu vingefaa kuizingatia. Lakini hapo kwingine ni wapi? Ni zile zile shule za kulipia, za Juno na fimbo, ambazo amekwisha kutuonyesha zinauza nini na kwa nani. Maana yake mtoto wa tajiri ataendelea kupata kanuni, na mtoto wa mvuvi wa Hippo ataendelea kusikiliza. Augustino alijua kuliko mtu yeyote jinsi ya kumfanya mtu wa chini aelewe. Kumfanya mtu huyo naye asimame aseme, halionekani katika mipango yake. Mwaka 426, alipomtangaza mrithi wake Eraclius, makarani waliandika kelele za umati pamoja na idadi ya mara zilizorudiwa. Sauti ya umma imo katika kumbukumbu, lakini kama kiitikio.

La pili ni zito zaidi, nalo ni fimbo iliyorudi. Afrika ya wakati wake ilikuwa na kanisa jingine, la Wadonati, lenye nguvu katika mashamba ya Numidia. Mwanzoni Augustino alishikilia kwamba watu hao washindwe kwa maneno tu. Alijadiliana nao, na aliwatungia wananchi wa kawaida wimbo mrefu wa vina wenye kufuata herufi za alfabeti ili waelewe hoja kwa kuimba. Mbinu hiyo tunaisifu. Lakini katika barua ya mwaka 408 hivi anaeleza kwamba amebadili mawazo, kwa sababu ameona sheria za mfalme zikileta watu kwa wingi. Mwaka 411 palikuwa na mjadala mkubwa Carthage, maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili, kila neno likiandikwa. Lakini mwenyekiti alikuwa ofisa wa mfalme, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya faini kwa ngazi za vyeo. Kwa watumwa iliamuru maonyo ya mabwana zao, na kwa wakulima waliofungwa katika mashamba ya mabwana iliamuru viboko vya mara kwa mara. Ni haki kusema kwamba Augustino aliomba wapinzani wasiuawe. Ni haki pia kusema kwamba mwalimu wa ushawishi anapokubali kiboko kimtangulie, ushawishi wake hauwezi kupimwa tena. Hajui tena kama anayetikisa kichwa mbele yake ameelewa au ameogopa.

Msomaji anaweza kujibu kwamba dawa ni rahisi: tafuta mkufunzi anayetoka kwa watu wenyewe, anayesema lugha yao. Augustino alijaribu. Fussala ilikuwa kijiji maili kama 40 kutoka Hippo, penye Wadonati wengi waliorudishwa kwa taabu, nacho kilihitaji askofu anayejua Kipuniki. Aliyekuwa ametayarishwa akakataa dakika ya mwisho, na askofu mkuu wa jimbo alikuwa amekwisha kusafiri kuja kumsimika. Kwa haraka Augustino akamtoa Antoninus, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyelelewa katika nyumba yake ya watawa tangu utoto. Lugha alikuwa nayo. Zaidi ya kusoma maandiko kanisani hakuwa amejaribiwa katika daraja lolote. Baada ya muda watu wa Fussala wakaleta mashtaka ya unyang'anyi na uonevu. Maaskofu wakahukumu kwa kusitasita: arudishe alivyochukua, aondolewe Fussala, lakini abaki na cheo. Antoninus akakata rufaa Roma, akitumia vizuri ule ulimi aliofundishwa, akadai kwamba kama bado ni askofu basi arudishiwe watu wake.

Mnamo mwaka 423 Augustino, mzee wa karibu miaka 70, alimwandikia Papa Celestine barua ndefu ya uchungu, akisema anafikiria kuacha uaskofu. Katika barua hiyo anaeleza kwamba watu wa Fussala wanatishiwa mahakama, maofisa na hata askari ili wampokee Antoninus, na anasihi wasilazimishwe. Anaandika kwamba maskini hao sasa wanaogopa mambo mazito zaidi kutoka kwa askofu wao kuliko yale waliyoyaogopa kutoka kwa sheria za wafalme siku walipokuwa Wadonati.